Kijana Akirudi Kutoka Matibabuni, Je, Nyumba Iko Tayari?

Juma hili tunaziweka kando habari za mapishi tulizowaahidi, kwa kuwa tumepokea barua isiyofaa kungoja. Imetoka Budondo, kaskazini ya mji wa Jinja, karibu na ukingo wa mto Nile. Mwandishi wake ni mama wa watoto watano, mke wa askari. Jina lake tunalihifadhi, na mambo machache tumeyageuza ili asitambulikane.

Mama huyu anaeleza kwamba kijana wake wa pili, ambaye sasa ana umri wa miaka 19, alianza kuonja waragi alipokuwa kidato cha pili. Baada ya waragi ikafuata bangi. Wakati huo baba yake alikuwa kazini mbali, nje ya nchi, na mama alibeba peke yake mzigo wa nyumba, shamba na watoto. Baba aliporudi likizo alimkuta mwanawe ameacha shule, ameuza baiskeli ya nyumbani, na mdogo wake wa kike anamwogopa. Kwa hasira ya mzazi, na kwa mazoea ya kazi yake, baba akamfungia chumbani pamoja na mtungi wa maji, akaapa kwamba hatamfungulia hadi siku tatu zipite na pombe imtoke. Usiku wa pili kijana akaanza kutetemeka mwili mzima na kupiga kelele kwamba anaona wadudu wakitambaa ukutani. Kabla ya alfajiri akaanguka kifafa. Majirani wakavunja mlango, wakamkimbiza hospitali mjini Jinja, na kwa bahati akaokoka.

Baada ya hospitali wazazi walishauriwa wampeleke katika nyumba ya matibabu, yaani mahali ambapo mgonjwa wa ulevi hukaa usiku na mchana chini ya uangalizi. Wakauza ng'ombe mmoja na mavuno ya miwa ya msimu mzima. Kijana akakaa huko miezi mitatu. Alirudi amenenepa, mwenye adabu, anayeamka mapema na kufagia uwanja bila kuambiwa. Siku ya 11 mama alimwona akipita nyuma ya jiko kwa kunyatia, na alipomkaribia akasikia harufu aliyoifahamu. Sasa baba amesema hatatoa hata shilingi moja zaidi. Mama anatuuliza kama ng'ombe wao amepotea bure, na kama ni mtoto aliyeshindikana au ni dawa iliyoshindwa.

Mama mpendwa, tumeisoma barua yako mara tatu. Jibu letu ni kwamba mwanao hajashindikana, wala fedha zenu hazikupotea bure. Lakini katika ukurasa wa mwisho wa barua yako yamo maneno machache uliyoyaandika kana kwamba ni jambo dogo, nasi tuliyasoma kwa huzuni. Umesema kwamba siku aliporudi mliwaalika majirani kumshukuru Mungu, na kwa ajili ya wageni mkanunua kreti mbili za bia. Umesema pia kwamba kijana alirudi kulala katika chumba kile kile, pamoja na binamu yake yule yule, ambaye huuza waragi kwa chupa ndogo karibu na kituo cha bodaboda. Hapo ndipo penye jibu. Kijana alitengenezwa kwa miezi mitatu, lakini nyumba haikutengenezwa hata siku moja.

Basi hili ndilo tunalotaka kuwaambia juma hili wazazi wote, wa kambini na wa vijijini: nyumba ya matibabu hufanya nusu ya kazi tu. Nusu ya pili hufanyika nyumbani, nayo haina budi kuanza siku ile kijana anapoondoka, si siku anaporudi.

USIMFUNGIE CHUMBANI

Kabla ya kufika huko, yatupasa kusema neno juu ya kile chumba kilichofungwa, maana kosa hilo hutendwa na wazazi wengi wenye nia njema, na laweza kuua.

Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake huwa umeizoea. Pombe hupoza mishipa ya fahamu, nao ubongo hujikaza zaidi ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikikatwa ghafula, kile kilichokuwa kikipoza kimeondoka, lakini ule mkazo umebaki. Ndiyo maana mgonjwa huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi katika saa chache za kwanza au siku ya kwanza. Kifafa, kikija, aghalabu huja ndani ya siku mbili. Kuweweseka na kuona visivyokuwapo huja kati ya siku ya pili na ya nne. Mgonjwa aliyefikia hali hiyo asipopata tiba aweza kufa, hata kama ni kijana mwenye nguvu za kubeba gunia la mahindi begani.

Kwa hiyo mlevi wa kila siku asikatiwe pombe nyumbani kwa nguvu, wala asitiwe mahabusu kwa siku tatu ili ajifunze. Apelekwe hospitali. Huko hupewa dawa za kutuliza mishipa ya fahamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hata siku, hupewa vitamini B1 ambayo ulevi huimaliza mwilini, na muuguzi humwangalia usiku. Kazi hii kwa kawaida huchukua muda wa juma moja hivi. Mzazi asijaribu kumpa vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa dukani, kwa maana vidonge hivyo vikikutana na pombe vyaweza kuzima pumzi.

Kwa wakazi wa mashariki ya Uganda, hospitali za rufaa za Jinja na Mbale zina idara za magonjwa ya akili, na huko ndiko pa kuanzia. Hospitali ya taifa ya Butabika, iliyoko Kampala na iliyofunguliwa mwaka 1955, ina kitengo mahususi cha wagonjwa wa pombe na dawa za kulevya. Jina la Butabika hutumiwa na watoto mitaani kama tusi, nalo huwatisha wazazi. Lakini wagonjwa wengi huingia pale, hutibiwa, na hurudi makwao wakiwa na akili timamu. Aibu isitufanye tumzike mtoto tuliyeweza kumtibu.

TAZAMA KWANZA, NDIPO UTOE FEDHA

Mwili ukisha kutulia, ndipo huja tiba ya pili, nayo ndiyo sababu ya nyumba ya matibabu. Kijana huwekwa mbali na mahali alipozoea kunywea. Hulala na kula kwa saa maalumu, hufanya kazi za mikono, hukaa na mshauri peke yake na pia pamoja na wenzake, na hujifunza kutambua ni jambo gani humsukuma kwenye chupa: hasira, upweke, fedha mfukoni, au marafiki fulani. Tiba hii haina haraka. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba kukaa katika matibabu kwa siku 90 au zaidi huzaa matunda bora kuliko kukaa siku chache, kwa kuwa tabia ya miaka haiondoki kwa majuma mawili.

Hata hivyo, si kila nyumba yenye kibao mlangoni ni nyumba ya matibabu. Mwezi wa Septemba 2019, polisi wa Nigeria waliingia katika nyumba moja mjini Kaduna iliyojulikana kuwa mahali pa kurekebisha vijana. Wakakuta humo wavulana na wanaume zaidi ya 300, wengine wakiwa katika minyororo na wenye alama za mapigo. Wengi walikuwa wamepelekwa na wazazi wao wenyewe. Wala tusidhani kwamba maovu hayo ni ya nchi maskini tu. Huko Marekani, vijana waliopitia nyumba za namna hiyo walilalamika kwa miaka mingi juu ya kufungiwa na kudhalilishwa, mpaka mwezi wa Desemba 2024 ilipotiwa saini sheria ya kuzichunguza.

Kwa hiyo baba na mama waende kwanza wenyewe, bila kijana, wakaulize. Je, nyumba hii ina kibali cha serikali? Ni daktari gani, au muuguzi gani wa magonjwa ya akili, anayefika hapa, na kwa siku zipi? Mgonjwa akiugua usiku hupelekwa wapi? Je, vijana hulala mbali na watu wazima, na wasichana mbali na wavulana? Akikosa hupewa adhabu gani? Mzazi aruhusiwa kumtembelea na kuzungumza naye faragha? Akitoka, nani atamfuatilia? Mwenye nyumba akikasirishwa na maswali hayo, au akijibu kwamba mzazi haruhusiwi kuonana na mwanawe kabisa mpaka amalize, shikeni njia mrudi. Ni kweli kwamba nyumba nyingi nzuri huomba wazazi wasije katika majuma ya kwanza ili mgonjwa atulie, lakini kuzuiwa kwa muda ni jambo moja, na kufichwa ni jambo jingine.

Tusichanganye pia matibabu na adhabu. Tumewahi kusikia wazazi wa Mbale wakisema kwamba mtoto wao mlevi afaa kupelekwa katika ile nyumba ya watoto wanaongoja kesi mjini humo, au Kampiringisa. Mahali hapo pamewekwa kwa ajili ya watoto waliofikishwa mbele ya sheria, na njia ya kufika huko ni mahakama. Mtoto mgonjwa hapelekwi huko ili apone ulevi, kama vile mwenye malaria hapelekwi mahabusu ili homa ishuke.

Na kijana aliyetimiza miaka 18 akikataa matibabu? Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018 inamtambua mgonjwa anayeingia hospitali kwa hiari yake, na pia imeweka utaratibu wa kumlaza asiyekubali pale ugonjwa wa akili unapomfanya awe hatari kwa nafsi yake au kwa wengine. Utaratibu huo hupita kwa waganga, wala haupiti kwa kamba na pingu za nyumbani. Askari mwenye pingu kiunoni alikumbuke sana jambo hilo, kwa maana pingu alipewa kwa ajili ya kazi ya serikali.

NUSU YA PILI YA SAFARI

Sasa turudi nyumbani. Wasomaji wetu askari watatuelewa upesi tukitumia mfano wa kazi yao. Askari aliyevunjika mguu hulazwa, huwekwa plasta, na mfupa huunga. Siku anapotoka hospitali, je, mkuu wake humvika mzigo mgongoni na kumpeleka doria ya kilomita 30? Hasha. Hupewa kazi nyepesi, hutembea na fimbo, hurudi kwa daktari kila baada ya siku kadhaa, na wenzake hawamwiti mvivu. Kijana aliyetoka katika nyumba ya matibabu ni kama askari huyo. Mfupa umeunga, lakini bado ni mchanga. Kreti mbili za bia uwanjani ni doria ya kilomita 30.

Twafahamu familia moja katika kambi ya polisi huko Mbale ambayo ilipata msiba wa namna hii hii, ikautazama kwa jicho jingine. Baba alikuwa mpenzi wa malwa. Kila jioni wazee wenzake walikusanyika nyumbani kwake kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, wakazungumza habari za zamani. Hakuwa mlevi, aliinuka na kwenda kazini kila asubuhi. Mwanawe alipokuwa katika mwezi wa pili wa matibabu, mshauri wa ile nyumba alimwita baba akamwuliza kijana atakaporudi ataketi wapi jioni. Baba alikosa jibu. Aliporudi Mbale aliwaambia wazee wenzake kwamba chungu kihamie kwa mwingine, na kwamba yeye hatafika huko kwa mwaka mmoja. Wengine walicheka, na mmoja alikasirika. Lakini kijana aliporudi, jioni ya kwanza alimkuta baba ameketi uwanjani na birika la chai. Kijana huyo alituambia baadaye kwamba miezi mitatu ya mashauri ilimwonyesha namna ya kuacha pombe, lakini birika lile lilimwonyesha kwamba hataiacha peke yake.

Basi wakati kijana yuko matibabuni, fanyeni haya, tena yafanyeni kabla hajatoka.

Kwanza, pombe iondoke nyumbani, ya kunywa na ya kuuza. Twajua kwamba mama wengi husomesha watoto kwa kupika waragi au kwete, nasi hatuwadharau. Lakini hapana tiba itakayomshinda mpishi aliye jikoni. Tafuteni biashara nyingine mapema, hata kama faida yake ni ndogo: maandazi, mboga, mukene wa kukaanga, kuku. Kumbukeni kwamba serikali ilipiga marufuku pombe ya vifuko mwaka 2019, lakini chupa ndogo zingali madukani na huingia mfukoni mwa mtoto kwa urahisi ule ule.

Pili, mahali pa kulala pabadilike. Kama chumba ni kimoja, basi aliyemo abadilike. Yule binamu mwuza waragi aambiwe kwa upole, lakini bila kuyumba, kwamba atafute makao mengine.

Tatu, awepo mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Aghalabu baba na mama hawafai kwa kazi hii, kwa kuwa wameumizwa sana. Mjomba, shangazi, kasisi, imamu, mwalimu au askari mstaafu mwenye subira aweza kufaa zaidi. Kazi ya mtu huyo si kupeleleza, bali kusikiliza, na kijana ajue kwamba aweza kumwendea hata usiku wa manane pale tamaa inapomjia.

Nne, awe na kazi tangu juma la kwanza. Kijana asiyekuwa na la kufanya kuanzia asubuhi hadi jioni atakwenda kukaa pale kituoni alipozoea. Hapo Budondo kuna shamba, kuna uvuvi, kuna mafundi wa seremala na wa pikipiki. Kama anaweza kurudi shuleni, mzazi aende mapema kuonana na mwalimu mkuu. Kazi ikikosekana, apewe kazi ya nyumbani yenye jina na saa, mathalani kuku ni wake, au maji ni yake. Lakini asikabidhiwe fedha nyingi mkononi katika miezi ya kwanza. Mshahara wake uwekwe mahali mlipokubaliana naye, si kwa kumnyang'anya.

Tano, chakula. Haya ndiyo mapishi ya juma hili. Mlevi hurudi na mwili uliokauka, na tamaa ya pombe huzidi mtu anapokuwa na njaa au uchovu. Asiachwe na njaa. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, mchana maharage na mboga za majani, jioni samaki au mukene, na matunda ya msimu. Maji na chai viwe tele. Pia ale pamoja na wenzake, kwenye sahani kama zao. Kijana anayepelekewa chakula chumbani kama mkoma hujiona hajasamehewa.

Sita, maneno. Ndugu zake wakatazwe kumwita mlevi, na baba aache kuhesabu thamani ya ng'ombe kila anapokasirika. Kijana anajua vizuri ng'ombe huyo. Kila anapotajwa, humpa sababu ya kutaka kusahau, na njia yake ya kusahau mwaijua.

Saba, siku za kurudi kwa daktari au mshauri ziandikwe ukutani, na mtu amsindikize. Wengi hutoka katika nyumba ya matibabu na karatasi ya miadi, na karatasi hiyo huishia mfukoni. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa za akili asiziache kwa sababu tu anajiona mzima.

Wenzetu wa Zanzibar wametuonyesha jambo jingine la maana. Huko zipo nyumba za upataji nafuu ambazo kwa sehemu kubwa huongozwa na watu waliokuwa watumwa wa heroini wao wenyewe, wakapona, na sasa wanawaongoza wanaoingia. Wazo hilo si geni. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari, waligundua kwamba kila mmoja aliweza kukaa bila kunywa kwa kuzungumza na mwenzake, na kutokana na mazungumzo hayo kikazaliwa chama ambacho leo kina mikutano katika nchi nyingi. Kama katika kambi yenu yuko mzee aliyeacha pombe miaka kumi iliyopita, mwombeni amtembelee kijana wenu. Huenda hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maisha yake yana faida kwa mtu mwingine.

AKIANGUKA TENA

Hata nyumba iliyotayarishwa vizuri yaweza kuona kijana akianguka. Watafiti wa Marekani hukadiria kwamba kati ya watu 100 waliotibiwa uraibu, 40 hadi 60 hurudia wakati fulani, na hesabu hiyo yakaribiana na ya wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu wanaozidiwa tena baada ya kupata nafuu. Mwenye pumu akizidiwa hatumfukuzi nyumbani. Twamrudisha kwa daktari, na daktari huitazama upya dawa. Huyu naye arudishwe hivyo hivyo, tena upesi, kabla ya siku moja kuwa mwezi.

Lakini kuna hatari moja ambayo kila mzazi aijue. Mwili uliokaa miezi mitatu bila kileo huwa umepoteza ule uzoefu wake wa zamani. Kijana anayerudi na kutumia kipimo kile kile cha zamani, hasa cha heroini au cha vidonge pamoja na pombe, aweza kuzimika na asiamke. Kwa hiyo ukimkuta amelala fofofo, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, au midomo imegeuka rangi, usiseme aachwe alale ulevi umwishe. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali hapo hapo.

Yule kijana wa Mbale naye alianguka, katika mwezi wa nne, siku ya harusi ya rafiki yake. Alirudi nyumbani usiku akajificha zizini. Baba yake alimfuata na taa, akaketi kando yake bila kusema neno mpaka kulipopambazuka, kisha wakaenda pamoja hospitali. Alikaa huko siku sita. Leo anatengeneza baiskeli na pikipiki karibu na soko. Hatusemi kwamba amepona kabisa. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Asema leo hajanywa.

NENO KWA BABA ASKARI

Ndugu askari, twajua kazi yako imekufundisha kwamba amri hutolewa mara moja na kutekelezwa. Tangu mwaka 2007 wengi wenu mmekwenda Somalia na kurudi, na wengine mmekaa miezi mingi msituni au mpakani. Unaporudi likizo na kukuta nyumba imeharibika, mkono huenda upesi kuliko moyo. Lakini ugonjwa huu hausikii amri. Kipigo humfundisha kijana kunywa mahali usipomwona, basi.

Tena tukuombe jambo gumu zaidi, ambalo ni kujitazama wewe mwenyewe. Wako askari waliorudi kutoka vitani na mambo yasiyosemeka, wakayalaza kwa chupa kila usiku, na mtoto akajifunza kwa kuangalia. Kama ndivyo ilivyo kwako, nenda ukazungumze na daktari wa kambi. Baba anayetibiwa pamoja na mwanawe hapungukiwi heshima. Na kama umepangiwa uhamisho wakati kijana yuko matibabuni, mweleze mkuu wako mapema hali ya nyumbani kwako. Wakuu wengi nao ni wazazi.

Mama wa Budondo, sasa tunakurudia wewe. Umeuliza kama mumpeleke tena. Ndiyo, mpelekeni kwanza kwenye idara ya magonjwa ya akili katika hospitali ya rufaa hapo Jinja, ambako kauli ya daktari ndiyo itakayoamua kama anahitaji kulala tena katika nyumba ya matibabu au yatosha kumwona kila juma akiwa nyumbani. Huenda hamtahitaji kuuza ng'ombe wa pili. Lakini kabla hujafunga safari hiyo, ukae na mumewe jioni moja, mbali na watoto, mumsomee barua hii. Kisha mtembee pamoja kuizunguka nyumba yenu, chumba kwa chumba, jiko na uwanja, mkijiuliza katika kila mahali: hapa, mwanetu atasaidiwa au atasukumwa? Mkilipata jibu, anzeni kazi kesho yake asubuhi.

Kisha utuandikie tena. Tungependa kujua habari za kijana, na pia za yule mdogo wake wa kike aliyekuwa akimwogopa, maana yeye naye ana jeraha, na katika shughuli hii yote mara nyingi huwa hapana anayemwuliza.

Mapishi ya samaki tuliyowaahidi yatatoka juma lijalo, tukijaliwa.